Pamba Inapopukutisha Matumba, Nani Alaumiwe?

Uzi wa pamba, kabla haujawa uzi, ni unywele wa mbegu. Mfanyakazi anayevaa shati alfajiri akikimbilia basi, mama anayejifunga khanga yake kiunoni, na mtoto anayelazwa juu ya shuka lililofuliwa, wote, ikiwa nguo hizo ni za pamba, wamefunikwa na nywele zilizoota juu ya ngozi ya mbegu changa ndani ya tunda lililofungwa. Kila unywele ni seli moja tu iliyo hai, ambayo imerefuka mpaka ikafikia milimita 28 au 30, kisha ikajijenga unene kwa ndani, na mwishowe ikafa na kukauka. Mbegu moja huzibeba nywele hizo kwa maelfu.

Sisi tunaoishi mijini hatuulizi mambo haya. Wazazi wetu waliofanya kazi katika viwanda kama Urafiki, kile kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, waliipokea pamba ikiwa imekwisha kuwa marobota. Mimi mwenyewe nimeandika habari za pamba mara nyingi kwa mujibu wa kazi yangu: bei, mizani, vyama vya ushirika, malori yaliyokwama njiani. Lakini mwezi wa Februari mwaka 2022, katika kijiji cha jirani na Lagangabilili, niliona jinsi suala dogo la sayansi ya mimea, lile ambalo mtoto wa darasa la saba hulichora katika daftari lake, linavyoweza kuwa suala la uhai wa mtu. Ndiyo sababu ya kuandika leo katika ukurasa huu wa familia, wala si katika ukurasa wa kilimo.

Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, wakati Mkoa wa Simiyu ulipoundwa. Shangazi yangu aliolewa upande huo miaka mingi kabla ya hapo, wakati Bariadi yote ilipokuwa bado ni sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya ng'ombe, mibuyu na pamba. Mahali pengine udongo ni wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni. Mahali pengine ni mbuga, udongo mweusi mzito ambao wakati wa mvua hunasa miguu ya ng'ombe, na wakati wa jua hupasuka nyufa za kutosha kumeza mkono wa mtu mzima. Pamba hupandwa mvua zinaposhika, kati ya Novemba na Desemba, na kuanza kuchumwa Mei au Juni. Katikati yake, mara nyingi Januari au Februari, mvua husita. Kusita huko ndiko kunakowatia watu hofu, kwa sababu ndio wakati pamba inapotoa maua.

Nilipofika, mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku 17. Niliamkia, nikaketishwa, nikapewa maji. Baada ya kuulizana habari za wazima na wagonjwa, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, umefika wakati nyumba ina maneno. Binamu yako hali vizuri wala halali. Pamba inapukutika, na amekwisha mtaja mtu."

Mtu aliyetajwa alikuwa bibi mmoja, mjane, aliyeishi peke yake ng'ambo ya shamba. Kila siku alipita katika njia inayokata shamba la shangazi akienda kutafuta kuni. Wiki tatu hivi kabla ya mimi kufika, alisimama njiani akaitazama pamba, akasema kwamba mwaka huu imependeza sana. Hayo tu ndiyo aliyoyasema. Siku chache baadaye matumba yakaanza kuanguka. Asubuhi ardhi chini ya mimea ilikuwa imetapakaa matumba ya maua na vitumba vichanga, kana kwamba mtu alipita usiku akiyachuma na kuyatupa. Binamu yangu aliunganisha maneno ya sifa na kuanguka kwa matumba, akaongeza na jambo la tatu, kwamba macho ya bibi yule ni mekundu.

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Mtu wa Usukumani hacheki. Mauaji ya wazee, hasa wanawake, kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza yameandikwa katika magazeti na vitabu tangu miaka ya 1970, na macho mekundu yametajwa mara nyingi mno kuwa ndiyo "ushahidi." Lakini macho hayo hayana siri. Mwanamke aliyepika kwa miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, akipuliza moto wa kuni mbichi, mabua na samadi kavu ya ng'ombe, atakuwa na macho ya rangi gani? Kama wekundu wa macho ungekuwa uchawi, basi mchawi wa kwanza angekuwa moshi.

Binamu yangu si mtu mbaya. Ni baba wa watoto wanne, mchapakazi, na mwaka ule alikuwa na mzigo. Mbegu na dawa za kunyunyizia alizichukua kwa mkopo, wa kukatwa wakati wa mauzo. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la saba, na akifaulu, Januari ingemkuta baba akidaiwa sare, viatu, godoro na sanduku. Yote hayo yalitegemea ekari mbili za pamba. Mtu anapoona godoro la mwanawe linaanguka chini tumba baada ya tumba, hutafuta mkono unaoliangusha. Alikuwa amepanga kwenda kwa mpiga ramli siku ya Jumamosi. Mimi nilifika Alhamisi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda shambani pamoja na binti yule kabla hajaenda shule. Ni yeye aliyenifundisha ua la pamba. Alichukua wembe wake wa kuchongea penseli, akapasua ua lililokuwa limefunguka asubuhi ile, akanionyesha sehemu zake moja moja kwa majina aliyofundishwa na mwalimu wake.

Kwanza tumba lenyewe. Ua likiwa changa hufunikwa na vijani vitatu vyenye meno kama ya msumeno, vilivyokutana juu mfano wa viganja vya mtu anayeomba dua. Ndani yake mna petali tano. Katikati limesimama bomba jembamba lililozungukwa na stameni nyingi, kila moja ikiwa na kijifuko cha chavua, ule unga wa manjano ambao ndio mbegu ya kiume ya mmea. Juu ya bomba hilo huchomoza stigma, mahali pa kupokelea chavua. Na chini kabisa, palipo na ovari, ndipo kitumba kitakapotokea. Aliipasua ovari nayo. Ndani yake mlikuwa na vyumba vinne, na katika kila chumba vijiyai vidogo vyeupe vimejipanga mstari. "Hizi ndizo zitakuwa mbegu," alisema. "Na nyuzi zinaanza kuota juu yake leo hii, siku ile ile ua linapofunguka."

Maisha ya ua hilo ni mafupi. Hufunguka asubuhi likiwa jeupe lenye umanjano hafifu. Kwa kuwa stameni na stigma hukaa pamoja katika ua moja, mara nyingi pamba hujichavusha yenyewe. Ila nyuki na wadudu wengine hubeba chavua kutoka mmea hadi mmea, maana chavua ya pamba ni nzito na hunata, haipeperushwi na upepo kama ya mahindi. Jioni ua huanza kuwa jekundu la waridi. Siku ya pili limekwisha kuiva wekundu. Siku ya tatu au zaidi kidogo petali hunyauka na kuanguka, zikikiacha kitumba kidogo mfano wa kishungi cha kijani. Tangu siku ile huhitaji siku 50 hivi mpaka kitumba kikauke, kipasuke, na pamba itoke nje. Katika wiki tatu za kwanza nyuzi hurefuka. Katika wiki zinazofuata hujijenga unene. Kitumba kikikosa maji wiki za mwanzo, nyuzi huwa fupi. Kikikosa chakula wiki za baadaye, nyuzi huwa dhaifu. Kumbe hata ubora wa shati huamuliwa ndani ya chumba kile chenye giza, miezi kabla kiwanda hakijaliona.

Tuliyaona maua meupe ya siku ile na maua mekundu ya jana yakiwa katika mmea mmoja. Binti aliniambia kwamba bibi mmoja wa kijijini huwaambia watoto kuwa ua jekundu limeona aibu baada ya kuolewa. Nilicheka, lakini nikafikiri kwamba methali hiyo ya watoto ni sahihi kuliko ramli.

Baadaye asubuhi ile alikuja bwana shamba wa kata, kijana mwenye pikipiki, ambaye shangazi alikuwa amemtumia salamu. Hakutoa hotuba. Aliomba ungo. Akatutaka tupite katika mistari tukiokota kila kilichoanguka, bila ya kuchagua, mpaka vifike 200. Binamu yangu naye aliokota, ingawa alikuwa kimya. Kisha tukaketi chini ya mti, akatuambia tutenge mafungu mawili: yenye tundu upande mmoja, na yasiyo na tundu upande wa pili.

Yenye tundu yalikuwa 58. Bwana shamba akalipasua moja, akamtoa funza wa vitumba, mnene, wa kijani, akiwa bado anakula. Kwa hao, alisema, dawa ipo, na wakati wa kunyunyizia umefika. Lakini mnyunyizie jioni, nyuki wakisharudi mizingani, kwa maana nyuki si adui.

Yasiyo na tundu yalikuwa 142. Haya binamu yangu aliyatazama kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi. "Haya je?" aliuliza. "Haya hayakuliwa na kitu."

Jibu alilopewa ndilo ninalotaka kila mzazi alisome kwa utulivu. Mmea wa pamba huyaangusha matumba yake wenyewe. Kila jani lina vinywa vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufunguka ili kuingiza hewa ambayo mmea huitumia pamoja na mwanga wa jua kutengeneza sukari. Vinywa hivyo vikiwa wazi, maji hutoka. Udongo ukikauka, mmea huvifunga ili usife kwa kiu. Lakini ukivifunga, jiko limezimwa, sukari haipikwi. Sasa mmea wenye matumba 40 na chakula cha 12 ufanye nini? Ukijaribu kuwalisha wote, wote watadumaa. Basi huwaacha walio wachanga zaidi ili wale waliokwisha kukua waishi.

Namna ya kuwaacha ni ya ajabu. Mmea hutoa ndani yake hewa iitwayo ethilini. Wasomaji wetu akina mama wanaijua hewa hiyo bila ya kulijua jina lake: ndiyo itokayo katika ndizi mbivu, na ndiyo maana ndizi mbichi zikifunikwa pamoja na mbivu huiva upesi. Katika pamba, hewa hiyo hufika kwenye kikonyo, mahali kinaposhikana na tawi, ambako pana safu nyembamba ya seli zilizowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Kuta kati ya seli hizo hulegea, tumba huanguka kwa uzito wake lenyewe, na kidonda hufungwa. Huanguka asubuhi, usiku, mtu akipita au asipopita. Hata katika mwaka wa neema, pamba huangusha zaidi ya nusu ya matumba na vitumba vyake vichanga. Mawingu ya siku nyingi huweza kuiangusha, kwa kuwa jua halipiki sukari. Mvua ya asubuhi nayo huweza, kwa sababu chavua ikilowa hupasuka na ua halichavushwi. Kitumba kikishapita wiki mbili hivi tangu ua lifunguke, hatari hiyo huwa karibu imekwisha.

"Mbuyu ule pale," bwana shamba alisema akiuelekeza kidole, "hupukutisha majani yote kila kiangazi kwa njia hiyo hiyo. Mmewahi kumshitaki mtu?"

Shangazi alicheka. Binamu yangu hakucheka, na swali lake lilikuwa zito kuliko la kwanza. Alisema: "Sikatai mambo ya shule. Jua ninaliona. Lakini jua limewaka kwa wote. Mbona ya jirani yangu wa upande huu imetulia, na yangu inapukutika? Jua lilijuaje mpaka wa shamba langu?"

Hilo ndilo swali linalowashinda wasomi wengi wanaokwenda vijijini kuwaambia watu kwamba uchawi ni ujinga, kisha wakapanda magari yao. Mkulima anajua kwamba ukame huangusha pamba. Anachouliza ni kwa nini yeye. Na swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa vitu vinavyoonekana.

Tuliinuka wote, tukaenda kuvitazama vitu hivyo. Shamba la jirani lilipandwa katikati ya Novemba. La binamu lilipandwa katika wiki ya pili ya Desemba, kwa sababu ng'ombe wake mmoja wa jembe aliumia mguu. Tofauti ya wiki zile tatu na ushei ilikuwa ndiyo yote. Mvua iliposita, vitumba vya jirani vilikuwa vimekwisha kuupita umri wa kuangushwa. Vya binamu vilikuwa bado matumba na maua. Tena mzizi mkuu wa pamba hushuka chini moja kwa moja kama msumari, na mmea uliotangulia ulikuwa umepata muda wa kuyafuata maji chini zaidi. Bwana shamba alichimba kando ya mmea mmoja katika kila shamba, tukajionea wenyewe. Mzizi wa jirani ulizidi kushuka hata jembe likachoka. Wa kwetu uliishia karibu, katika mbuga iliyokuwa imeanza kupasuka, na ufa mmoja ulikuwa umeikata mizizi ya pembeni kama kisu.

Ndipo shangazi akafanya jambo ambalo mimi na bwana shamba hatukulifikiria. Alisema: "Twendeni na kwa yule bibi. Naye ana pamba."

Hakuna aliyetaka kwenda, lakini hakuna aliyeweza kumkatalia mama mzazi. Tulimkuta bibi nje ya nyumba yake akipeta choroko. "Mwangaluka, mayu," shangazi alimsalimu, na alipoitikia, sauti yake ilitetemeka. Alikwisha kusikia. Katika vijiji vyetu anayetuhumiwa husikia mapema kuliko wote, na huanza kuhesabu usiku uliobaki. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mistari michache ya pamba aliyoipanda kwa mkono wake, na aliipanda kwa kuchelewa kama sisi, kwa kuwa hakuwa na ng'ombe, akangoja mpaka mtu amlimie. Ardhi chini ya mimea yake ilikuwa imefunikwa matumba. Yalikuwa mengi kuliko yetu.

Shangazi aliokota konzi moja, akamtilia mwanawe kiganjani, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu alirogwa na nani? Au alijiroga mwenyewe?"

Binamu yangu aliyatazama matumba yale kwa muda mrefu. Sitasema kwamba imani ya maisha yake yote ilianguka siku ile. Moyo wa mtu si shamba la kupaliliwa kwa siku moja. Alichofanya ni kumwamkia bibi, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki tatu, na kumwuliza kama amesaza dawa ya kunyunyizia. Hakuwa nayo. Jioni ile, baada ya kunyunyizia shamba lake, alikwenda na bomba mgongoni akanyunyizia na mistari ya bibi. Jumamosi ilipita, hakwenda kwa mpiga ramli. Aliniambia kwamba fedha ile aliinunulia dawa. Sikumwuliza zaidi.

Mvua ilirudi katika wiki ya kwanza ya Machi. Pamba ina tabia njema moja: haizai mara moja na kukoma kama mahindi, bali huendelea kutoa matawi na matumba juu maadamu ina maji na chakula. Mmea ulioangusha wa chini huweza kufidia kwa wa juu. Haukufidia wote. Mwaka uliotangulia ekari zile mbili zilitoa karibu kilo 600. Mwaka 2022 zilitoa kilo 430. Deni la pembejeo lilikatwa, kilichobaki kilikuwa kidogo, na mbuzi wawili waliuzwa ili godoro na sanduku vipatikane. Binti alifaulu, akaenda kidato cha kwanza. Bibi mjane alichuma pamba pamoja na akina mama wa nyumba ile mwezi wa Julai, akalipwa ujira wake kama wengine.

Baada ya mavuno miti ya pamba iling'olewa na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba, kama kanuni inavyotaka, ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu mpya. Hiyo pia ni elimu: adui wa pamba ana anwani, na anwani yake si nyumba ya mwanamke mzee.

Kwa nini nawaeleza ninyi wa mijini, ambao wengi hamna shamba? Kwa sababu sisi nasi tuna matumba yetu yanayopukutika, na tuna vidole vyepesi. Mtoto akishikwa na degedege, tunamtazama mpangaji wa chumba cha pili kabla ya kumpima malaria. Kazi ikipotea, tunamkumbuka mtu aliyetusifu. Mke asipozaa, familia ya mume humtazama yeye peke yake, na hakuna anayependekeza kwamba wote wawili waende hospitali. Ilhali hata mpapai ulio uani, ukiwa wa kike mtupu na karibu hakuna wa kiume, hutoa maua bila ya kuzaa matunda ya haki, na hatuukati kwa kuuita mgumba. Tena wengi wetu ndio tunaotuma fedha nyumbani. Simu inapolia, na ndugu akasema anataka fedha kidogo "kwa ajili ya kuangalia mambo ya shamba," tunatuma bila ya kuuliza ni mambo gani. Fedha hiyo huweza kumfikia mpiga ramli, na jina litakalotoka katika ramli huweza kuwa hukumu ya mtu ambaye hakuitwa barazani. Mtumaji wa fedha hatamwaga damu kwa mkono wake, lakini atakuwa amenunua panga.

Basi tuulize. Tuulize pamba ilipandwa lini, katika udongo gani, na mvua ilisita lini. Tuwaombe walio nyumbani waokote 200 wayatenge yenye tundu na yasiyo na tundu. Tuwaulize watoto wetu wamejifunza nini juu ya ua, shina na mzizi, na wanapotueleza tusiwakatize tukidhani ni mambo ya mtihani tu. Binti yule alikuwa amelichora ua la pamba katika daftari kwa miezi kadhaa, na katika nyumba ile hakuna mtu mzima aliyewahi kuliomba daftari lile alitazame. Waliliomba siku ile baada ya kutoka kwa bibi; lilipita mkono hadi mkono, na baba yake ndiye aliyekaa nalo muda mrefu zaidi.